Mwangwi Kwanza

Tartu, Februari, saa nne usiku.
Mto umeganda nje; humu chumba cha seva
mashine zinapuliza joto lisilomfaa mtu.
Seva zetu tumezipa majina ya maji:
Peipsi, ziwa, inazimwa Jumatatu.
Võhandu, mto, imewashwa jana,
bado inanukia plastiki.

Sauti zote zimeshahama:
wanawake wa Setomaa wakikemea mbuzi,
mhunzi wa Otepää, mchungaji mwenye kikohozi,
saa elfu sita za watu waliokwisha kunyamaza.
Zimehama, ila viungo havina habari.
Viungo elfu kumi na moja, mia nne na kumi na viwili,
kila kimoja kidole kilichonyooshwa
kuelekea nyumba ambayo Jumatatu itakuwa kiwanja.

Tõnis Raudsik alivifunga kimoja kimoja,
miaka kumi na tisa, kwa mkono,
akiandika jina la faili kama mtu anayeshona kifungo.
Mimi, Urve, nataka kuvigeuza vyote
kwa mstari mmoja, kabla chai haijapoa.

Naona haya kidogo. Naandika.

Tafuta kila kiungo,
soma kinakoonyesha,
panapotajwa Peipsi tia Võhandu,
kisha funga upya: herufi mbili, L na N,
na nyuma yake vijakazi vitatu.
S: kiwe ishara, kisiwe mwili.
F: kama cha zamani kipo, king'oe, usiniulize.
N, hii niliisahau mwaka juzi,
viungo vipya vikaingia ndani ya folda za zamani
vikalala humo
kama mgeni aliyekosea mlango na asitimuliwe.

Kidole kiko juu ya kitufe.
Majuto ni mjukuu;
kwenye kazi hii mjukuu huzaliwa sekunde hiyohiyo.
Basi mwangwi kwanza:
natanguliza neno moja, amri ijisome yenyewe
bila kutenda lolote.

Mistari inateremka. Sawa, sawa, sawa,
macho yanazoea, na macho yakizoea hayaoni.
Kisha, karibu na mwisho, maneno yaliyosimama peke yake:

mama
anahesabu
viazi

na mashine inalalamika mara tatu: hakuna faili kama hilo.

Jina lenye nafasi. Sikuliwekea alama za kunukuu,
terminali imelikata vipande kama mkate.
Lakini Tõnis hakuweka nafasi kwenye majina,
alitugombeza kwa hilo hadi mwaka wake wa mwisho.
Nalizungushia alama. Nasoma tena.
Kiungo hiki hakielekei Peipsi.
Kinaelekea kwake mwenyewe,
folda ya mfanyakazi tuliyemzika Novemba,
akaunti itakayofutwa pamoja na ziwa.

Mstari wangu ungekipita.
Hakina Peipsi ya kubadilishwa.
Ungekiacha kilivyo, kwa haki kabisa.

Navaa vipokea sauti.
Jiko. Kisu. Mwanamke wa Võru:
üts, kats, kolm,
kiazi kikidondoka kwenye ndoo tupu,
na kijana nyuma yake anacheka, anamwomba arudie saba.
Anakasirika. Anarudia saba.

Hii sauti naihamisha kwa mkono.
Kiungo chake nakiandika herufi kwa herufi,
nafasi zote mbili naziacha palepale,
kosa pekee aliloliweka makusudi.

Kisha naondoa mwangwi. Nabonyeza.
Sekunde nne.
Terminali haisemi kitu; ikifaulu hainaga pongezi.
Naiuliza: viungo vilivyokufa viko wapi?
Mstari mtupu.

Chai imepoa zamani.
Nimekaa na vipokea sauti masikioni
nikingoja afike kumi.