Toa Gunia

Msimu wa korosho mimi ni karani wa mizani, Newala.
Gunia linapanda, mshale unatetemeka, unatulia.
Naandika kilo, natoa moja ya gunia tupu,
naita: Anayefuata!

Mchana ghala likipoa nahesabu kwa vidole.
Nane kwa nane, kina cha kati, kina cha mwisho,
alivyonifunza baba kabla sijajua kusoma saa.
Mwalimu Sachiko, wa hesabu pale sekondari,
alikuja kuulizia korosho za kubangua, akaviona vidole.
"Kwetu pia tunahesabu," akasema.
"Tano. Saba. Tano. Saba. Saba."
Na vina?
"Hakuna."
Hakuna! Ugali mkavu, nikawaza, bila hata chumvi.

Nikajaribu usiku, kwa mwanga wa simu:
Enyi wenzangu,
shikeni usia wangu…
Nane hiyo. Nikafuta.
subira yavuta heri…
Nane tena. Inaingia yenyewe,
kama mbuzi aliyezoea mlango wa jikoni.

Siku nilipopata thelathini na moja kamili
nilimpelekea mbio. Akasoma, akanirudishia.
"Umeniambia niwaze nini. Wewe uliona nini?"
Nikanuna. Mtu wa kuja, anifunze mimi mizani?
Akagusa daftari la ghala, safu ya tatu:
"Hapa unatoa gunia. Toa na huku."

Wiki nzima sikuandika.
Nikapima za Nambunga, nikapima za Mkoma,
nikapima na mawe, maana wapo wanaoyafukia
katikati ya gunia, wakidhani sitatia mkono.
Nilishika moja, zito, la mviringo,
nikaikumbuka ile subira yangu.

Jumapili nikahamisha vitu stoo.
Mikorosho yetu sasa inapuliziwa na vijana wa kukodi,
huu msimu wa pili.

Pampu ya baba
naitikisa leo:
unga wa njano
wabaki kiganjani.
Jioni, sijanawa.

Nilitaka kuongeza mstari. Dunia ni mapito,
kitu cha namna hiyo; kalamu ilishagusa karatasi,
ikaacha nukta, ipo mpaka leo.

Giza likiingia nikabisha hodi kwa Sachiko.
Alihesabu kwa vidole vyake, polepole,
akarudi mwanzo, akahesabu tena.
Kisha akauliza salfa inanukaje.

Nikamnyooshea mkono.