Zamu ya Kwanza, Kibokoni

Usianze na ngome, Shekuwe.
Anza na kisima.
Mji wa kwanza uweke palipo mto,
kisha mtume mpelelezi, huyo mwenye mbwa,
akazunguke gizani nawe uhesabu ngano.

Ushamaliza dhahabu kwa wapanda farasi?
Farasi hali fahari.

Jirani wa zambarau akileta zawadi, pokea,
ila mpakani simamisha wenye mikuki wawili.
Mimi alinichekea zamu arobaini.
Ya arobaini na moja alikuja na mizinga.

Usibonyeze "maliza zamu" kwa pupa.
Hapa hakufukuzi mtu
isipokuwa mama, na mahamri yanapoa.

Na hifadhi mchezo, nakwambia, hifadhi sasa,
stima ya Kibokoni haina ada—

Haya.
Anza na kisima.