Karani wa Mizani Anatafuta Nyumba

Milioni tisini, alisema dalali Chinduli,
akaitamka taratibu, kama mtu aliyebeba sinia lililojaa.
Nikamuuliza: tisini za mwaka gani?

Maana mimi ni karani wa mizani, ghalani Nanguruwe,
huu msimu wa kumi na moja.
Nimeona watu wazima wakiliapia gunia.
Gunia halijali. Nachota konzi moja,
nakata korosho kwa kisu, naangalia ndani.

Nyumba yenyewe iko Chikongola, nyuma ya mashine ya kukoboa,
vyumba vinne, geti la buluu.
INAUZWA, imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu
ambayo jua limeshaila nusu,
na chini yake namba ya simu imefutwa, ikaandikwa nyingine,
ikafutwa, ikaandikwa nyingine.
Ukuta ulinieleza kuliko Chinduli.

Nyumba ya tatu kutoka pale, ya Bi Esha Mkumbaru,
iliuzwa mwezi wa Ramadhani:
hamsini na mbili, tena kwa mafungu matatu.
Ile ya kona ina kufuli bado, nyasi zimefika dirishani.
Niliuliza kwa mjumbe. Niliuliza kwa muuza chapati.
Bei inayotajwa ina mdomo tu;
bei iliyolipwa ina tarehe na sahihi.

Mwenye nyumba, Bwana Nampota, alitukaribisha kwa soda.
Alijenga mwaka ule wa gesi.
Mwaka ule, anasema, wageni walipanga kwa dola,
wakatanguliza kodi ya mwaka mzima,
hata banda la mbuzi lingepata mpangaji.
Kisha bomba likapita chini ya ardhi kwenda zake,
halikuaga mtu.
Jenereta aliiuza. Viyoyozi vitatu vimebaki,
kimoja ndege wametagia.
Mji uliteremka, bei yake haikuteremka.
Iko kule juu, kama paka aliyeparamia mnazi
akaogopa kushuka.

Nilipita chumba kwa chumba, funguo mkononi.
Nikakwaruza chini ya dirisha la kusini:
plasta ikamwagika kama unga wa muhogo, chumvi tupu.
Mchanga wa ufukweni, haukuoshwa.
Bati zima. Mbao za mninga, hapo sisemi kitu.
Hati hakuna; ipo karatasi ya serikali ya mtaa,
muhuri wake umesambaa kama wino wa ngisi.

"Nimezika humu sabini na nane," alisema.
Sikumjibu. Mkulima naye huniambia
alivyokopa salfa, alivyopalilia na kiuno kibovu,
na mizani yangu haina pa kuweka kiuno.
Sehemu hiyo ya kazi siipendi mpaka leo.

Hamsini, nikasema.
Chinduli akacheka kwa niaba ya wote.
Bwana Nampota hakucheka. Alisema benki
inamdai kwa hesabu za mwaka ule ule,
deni halina habari kwamba mji umelala.
Ndipo nilipoelewa: tisini si bei ya nyumba,
ni bei ya yeye kutoka.
Na mlango huo siwezi kumnunulia mimi.

Tulikuwa tunaaga aliponiita uani,
akasukuma mfuniko wa zege.
Kisima cha maji ya mvua.
Alikichimba na shemeji yake, Jumapili kwa Jumapili,
kabla ya gesi, kabla ya geti, kabla ya yote.
Nikadondosha kokoto.
Maji yakajibu upesi, karibu,
mwezi wa kumi huu, Chikongola nzima ikinunua kwa dumu.

Hamsini na nne, nikasema.
Nne ni za maji.

Aliinama pale kisimani muda mrefu,
kama anayesoma.
"Rudi baada ya mnada wa kwanza."

Nitarudi. Soko limelala,
na aliyelala haamshwi.
Ila getini nilisimama nikainakili namba ile ya mwisho
kabla hawajaifuta.