Mwaka Ulioandikwa Sufuri

Juni ishirini na sita, usiku, Mshomoroni.
Mvua yagonga bati kama mdai.
Nimefuta meza mafuta ya viazi karai,
nikatandika leso, nikaweka juu yake
laputopu ya Riziki, iliyong'oka herufi E.
Ukiitaka E, wabonyeza kidonda.

Karatasi zangu zakaa kopo la biskuti:
cheti cha PIN, kimechanika kwenye mikunjo;
P9 niliyopewa na karani wa ghala,
akanambia, "Mbeyu, usiifungie maandazi";
na picha ya pasipoti
ya mtu nisiyemjua.

Miaka saba nilimpelekea Kibwana wa saiba, Mwembe Tayari.
Shilingi mia tano.
"Nenda zako dada, ushafailiwa."
Nami huenda, kama aliyetoka kunyolewa,
nikijipapasa kichwa.
Kumbe tovuti ni bure.
Bure! Mia tano mara saba
(najua hesabu, kazi yangu ni mizani)
ni mfuko wa mchele na nazi za kuutilia.

Nenosiri jipya hutumwa kwa barua pepe.
Barua pepe ilikuwa ya Kibwana.
Jumanne nzima nikakaa Huduma Senta,
nambari mia moja na kumi na nne,
ili jina langu linirudie.

Sasa mlango wauliza kabla ya kufunguka:
arubaini na saba kutoa tisa?
Nacheka. Thelathini na nane.
Hodi.

Nafungua mwaka jana, nijifunze palijazwa nini.
Mapato: sufuri.
Mwaka juzi: sufuri.
Mtondo wake pia.

Riziki kanyamaza.
Mwaka ule nilipima majani ya chai Shimanzi
hata kope zikashika vumbi lake.
Mwaka ule gunia liliniangukia mguu.
Nilimzika mama Ijumaa, Jumatatu nikarudi mizanini.
Kodi ilikatwa kila mwezi, iko hapa,
Januari hadi Disemba,
naye Kibwana alibonyeza mara mbili akanywa soda.

Simlaani. Foleni yake ilikuwa ndefu.
Pengine namlaani kidogo.

"Shangazi, leo hatutumi," asema Riziki,
"leo twatayarisha."
Basi natafuta kalamu.
Nyuma ya bahasha: mshahara wa mwaka.
Kodi iliyokatwa. PIN ya mwajiri,
naisoma herufi moja moja, kama nimwitaye mtoto kwa mbali.
Miaka ya kurekebisha: mitatu, tuonavyo.
Najumlisha. Narudia, napata tofauti ya shilingi arubaini.
Ghalani, mfuko ukipungua kilo haupandi lori.
Naanza upya.

Stima yakatika. Kioo chabaki kikiwaka,
betri asilimia kumi na moja,
na katika kila kisanduku imo 0, imekaa kitako.
Riziki anionyesha: lazima uifute kwanza,
ndipo uandike.