Koti Lenye Mifuko Miwili

Hesselby, Novemba. Saa kumi jioni na giza limeshatia nanga.
Mfuko wa kulia nina karatasi za Mtaa wa Chuo:
*Turudi kwa wananchi, waulizwe upya.*
Mfuko wa kushoto, karatasi za Mtaa wa Gati:
*Mlisema. Tulisikia.*
Mgombea ni yule yule, Bi Imelda Crowther,
tabasamu ni lile lile,
ila kwa watu wa Gati amevishwa kofia ya kiwanda cha samaki.

Tulilikesha azimio hilo.
Mzee Tattersall, miaka arobaini na kadi ya chama,
alitaka neno *tunaheshimu*.
Niamh, miaka ishirini na miwili, koo limekauka kwa hasira,
alitaka *tunapinga*.
Kufika saa tano usiku biskuti zimekwisha,
tumeandika *tunaheshimu, lakini*,
na ile *lakini* ikabaki pale katikati
kama mgeni aliyekosa kiti.
Sentensi yetu ikawa na milango mingi kuliko kuta.
Tukapiga kura. Ikapita.
Hakuna aliyepiga makofi.

Kiongozi wetu huulizwa redioni: uko upande gani,
kubaki au kujitoa?
Hujibu kwamba yuko upande wa hospitali.

Wanasema fisi alipasuka msamba kwenye njia panda.
Huku fisi hatuna. Tuna mbweha wa majalalani;
nilimwona jana karibu na kituo cha mafuta,
akatazama kulia, akatazama kushoto,
akavuka, akafika salama.
Lakini yeye haitishi mkutano mkuu.

Mtaa wa Mnara ndipo ramani yetu inapogota:
si Chuo, si Gati.
Namba kumi na tisa. Wilf Garbutt na mkewe Doreen,
yeye alipiga kura ya kutoka, mkewe ya kubaki,
mwaka wa tatu sasa wanaafikiana juu ya paka tu.
Nikaingiza mkono mfukoni, sijui upi.
Wilf akaipokea karatasi, hakuisoma.
"Na ile nyingine?"
Ndugu yake anakaa Gati. Shemeji yake, Chuo.

Nikatoa ile nyingine.
Wakazilaza mezani, kando ya maharage na chupa ya sosi,
Doreen akasoma mstari wa moja, Wilf mstari wa pili,
kwa zamu, taratibu,
kama wanaoapishwa kanisani.
Nilidhani watacheka.
"Huyu mke wangu," akasema Wilf, "nagombana naye
kwa sababu najua anachosema.
Ninyi nitagombana nanyi vipi?"

Nje, chini ya taa, nikafungua daftari la nyumba kwa nyumba.
Visanduku vitatu: *yuko nasi, hayuko nasi, hajaamua.*
Kwenye kile cha tatu nikaandika kumi na tisa,
nikaikata,
nikaandika anwani ya ofisi yetu.

Ishirini na tatu haikuwamo orodhani. Nikabisha hivyo hivyo.
Rasa, wa kutoka Lithuania, aproni bado ina magamba,
miaka kumi na mmoja anakata minofu
ambayo mji huu unaila Ijumaa.
"Mimi sina kura," akasema, kana kwamba anaomba radhi.
Akanyosha mkono hata hivyo.
Akasoma mbele. Akageuza nyuma:
jina la mpiga chapa, basi.
Akaomba na ile nyingine (habari husafiri mtaani kwetu)
akasoma mbele, akageuza nyuma.

"Na mimi," akauliza, "nipo wapi humu?"

Nikatia mikono mifukoni.
Kulia karatasi, kushoto karatasi,
zimelowa, zinaniachia wino vidoleni.
Yeye ameushika mlango wazi,
joto la nyumba yake linatoka bure,
na gesi imepanda bei,
nami bado sijamjibu.