Maka

Naanza kabla ya jua, vidole vimekufa ganzi,
kuchambua maka: nyeusi huku, za njano kule,
nyekundu kwenye kirago cha tatu,
zilizooza ni za nguruwe wa jirani, Eufrasia.
Wiki sita zimelala nje,
usiku jalidi, mchana jua,
hadi zimejikunja kama ngumi za kichanga.
Samahani. Niliapa mfano huo sitautumia.

Huku Ondores, juu ya mita elfu nne,
mahindi hayathubutu kuota,
hata kikohozi hukosa pumzi.
Ni mzizi huu tu, mfupi, mkaidi,
unaokula baridi na kunenepa.

Mavyaa husimulia, kila Jumapili husimulia:
kondoo walipoletwa milimani hawakuzaa,
majike makavu, madume yameduwaa,
mpaka walipovunja ua wa mawe wakala maka.
Msimu uliofuata, wanakondoo
walimwagika kama mvua ya mawe.
Akimaliza hunitazama.
Tumboni, si usoni.

Nami nimekunywa, Mungu shahidi.
Uji wa maka alfajiri, maziwa na mdalasini.
Maka ya kuchemsha (mbichi hailiwi,
bibi alikataza, koo litavimba).
Mchuzi wa kichwa cha kondoo, macho yakinitazama.
Nimekalia mvuke wa mnanaa wa mlimani
hadi nikanukia kama birika.
Miaka minne.
Na kila mwezi damu inabisha hodi kwa tarehe yake,
mdai asiyesahau mlango.

Magunia ninayoshona yanashuka Lima,
kisha yanavuka bahari.
Kwenye lebo yumo mwanamke anacheka, mtoto begani.
Jana nimebandika mia tatu na arobaini.
Nilimbandika mmoja kichwa chini, kwa makusudi.

Nesi Nelida huja kila baada ya wiki mbili
na pikipiki yake isiyopenda vilima.
Alinifunua kope, akaguna.
"Maka kula, ni chakula chema.
Waliopima wanasema labda,
na mimi labda naiheshimu.
Lakini damu yako, dada, ni nyepesi
kama chai ya majani yaliyokwisha kamuliwa."
Akanipa vidonge vya chuma, na vingine vidogo vya foliki.
Akaniambia maini, mayai, kunde za tarwi,
mboga za kijani zikipatikana,
na chai nisinywe juu ya chakula.
Nilikuwa nahesabu bei ya maini
aliposema, akiandika, bila kuinua kichwa:
"Na mumeo, amepimwa?"

Miaka minne, ndugu zangu.
Mashangazi, wakunga, mavyaa, padri,
hakuna aliyewahi kuinua swali hilo.
Mume wangu Abundio anafanya kazi kwenye tanuru la madini.
Hurudi na vumbi la risasi kwenye nyusi,
risasi ile isiyohitaji bunduki.
Nilifua mashati yake miaka yote
nikidhani ninachosuuza ni uchafu tu.

Hakusema neno siku mbili.
Ya tatu akavunja mayai sita kwenye kikaango,
akala yote amesimama.
Ya nne, kabla ya alfajiri, akatoka
na kichupa amekificha ndani ya poncho, kwapani,
kama mtu aliyeokota kifaranga njiani
na hataki kipigwe na upepo.
Nikamwona akishuka bondeni polepole,
yeye ambaye hutembea kama anayefukuzwa.

Majibu bado. Lori la Huancayo limeharibika.

Jana usiku nilipakua bakuli mbili za uji,
na maini na vitunguu, ambavyo anavichukia.
Alikunja uso, akameza.
Ameomba kuhamishwa kutoka kwenye tanuru kwenda lango la walinzi;
mshahara utapungua, tutakula maka yenyewe,
zile nisizouza.
Mavyaa alikuwa pale, kijiko hewani,
akimtazama mwanawe, akinitazama mimi,
hajui tena aangalie tumbo la nani.