Mstari Mmoja kwa Wino wa Buluu

Mimi ni mpaka damu.
Maabara ya Kitete, mwaka wa ishirini na saba huu:
tone juu ya kioo, kioo cha pili kulivuta,
kisha rangi, kisha maji, kisha kungoja.
Profesa Nyanzala Luhende hakujua kungoja.
Alisimama nyuma ya shingo yangu:
"Kapaya, umeipaka nene. Hii damu au ugali wa muhogo?"
Nikapaka upya.

Leo tunamuaga.
Mgeni rasmi anasoma karatasini:
shahada tatu, makala themanini na moja,
wanafunzi waliotapakaa hadi nchi za theluji,
mihadhara ya Dar es Salaam, na kila likizo
tiketi ya treni, daraja la pili, kurudi Tabora
tulikokuwa na darubini moja, nayo ina ufa.
Makofi. Mwenyewe anajikuna kiwiko.

Hajasoma habari ya karanga.
Alizibeba mfukoni mwa koti, nyeupe na nyekundu,
akachuchumaa mbele ya mama aliyefukuzwa kwa mumewe
eti watoto wake wananyonywa damu usiku.
"Wewe unazo mbili, nyeupe na nyekundu.
Baba yao anazo mbili, vilevile.
Kila mmoja anatoa moja, gizani, bila kuchagua.
Mtoto akiangukiwa na nyekundu mbili, ndiyo haya.
Sasa kamwite, aje ashike za kwake."
Mume akaja siku ya tatu.
Alizishika muda mrefu
halafu, kwa kukosa la kufanya, akazila.

Seli mundu, vitabu vinasema.
Sisi wa mbuga za mpunga tunaujua mundu:
haukati kwa hasira,
unakata kwa kuwa umepinda.

Wala hajasoma lile la usiku umeme ulipokatika,
slaidi ikiwa bado chini ya lenzi.
Alisema gizani, kama anayeongea na meza:
"Mdogo wangu Mihambo alikuwa analia magoti.
Tulimkanda kwa maji ya chumvi.
Tulimkanda vizuri sana, Kapaya."
Umeme ukarudi. Akainama, akaendelea kuhesabu.

Sasa kuna mtu mlangoni, mlinzi anamzuia.
Anachechemea nyonga ya kushoto, macho yana umanjano,
mkononi kidumu cha asali ya Sikonge.
"Kadi ya mwaliko?"
"Kadi ninayo."
Akafungua nailoni, mkunjo juu ya mkunjo:
kadi ya kliniki, miaka thelathini na mbili,
na mwandiko ule ule ulioegemea kulia:
*Mayunga, miaka miwili. Hatavuka kumi. Mama ameelezwa.*

"Mama alikuwa anahesabu," akasema yule bwana.
"Nilipotimiza kumi na moja alichinja kuku,
hakutuambia kwa nini."

Ukumbi ukanyamaza hata feni ikasikika.
Profesa akavaa miwani. Akaomba kalamu.
Mgeni rasmi akatoa yake, ya dhahabu;
akaipita, akachukua yangu, ya buluu, ya mia tano.

Alitufundisha sote: kosa la kwenye faili halifutwi.
Hupigwa mstari mmoja tu, liendelee kusomeka,
kando yake tarehe, na sahihi ya aliyekosea.

Mstari mmoja.
Tarehe ya leo.
N.L.

Akabaki ameinamia ile kadi
muda wa slaidi kukauka.
Niliona bega lake likipanda, likishuka.
Kisha, bila kuinua uso,
sauti ile ile ya nyuma ya shingo yangu:
"Kapaya. Himoglobini ya huyu imepimwa lini?"

Nilikuwa nimevaa suti, ya kuazima.
Nikaenda kutafuta glavu.